Tabora: Bajaji, Maembe na Mvua Isiyopiga Hodi

Ukitaka kujua mtu wa Tabora anawaza nini, usimwulize. Simama nyuma ya bajaji yake usome. Asubuhi moja tu, kutoka stendi hadi sokoni, nilisoma mambo ambayo gazeti lingeniuzia: MUNGU HANA HARAKA. MAMA NISAMEHE NILICHELEWA. ULAYA MBALI, IPULI HAPA HAPA. Ipuli, kwa wewe usiyejua, ni mtaa wa hapo hapo Tabora mjini, na mwenye bajaji alikuwa anaita abiria wa Ipuli. Tangazo na falsafa kwa bei moja.

Na bajaji si peke yake. Kuna Vitz moja ya bluu niliiona imewekwa kope. Kope kabisa, ndefu, nyeusi, juu ya taa za mbele, kama bibi harusi anayesubiri picha. Ndani dashibodi imevishwa manyoya meupe, kwenye kioo kunaning'inia kandambili ndogo za mtoto, na nyuma kumeandikwa USINICHEKE NIMEFIKA. Sisi watu wa Dar tunazicheka hizi gari, tunaziita bebi woka. Haya, cheka. Lakini gari hii Toyota walipoitoa mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet, walitaka gari dogo la kubana matumizi, injini ya lita moja, la mjini, barabara safi. Hawakuwahi kufikiria kwamba ingeishia Unyamwezini, imebeba watu watano, madumu mawili ya asali na gunia la michembe, inapita kwenye mchanga. Na inapita! Wenzetu wa Kanda ya Ziwa na huku magharibi magari madogo yanayobeba abiria hivi wanayaita michomoko. Jina linatosha, sielezi.

Sasa nikupe kitu ambacho mwalimu wangu wa historia hakunipa. Haya mapambo si ushamba wala si mambo ya juzi. Tabora ndiyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, mtu mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani, pembe za ndovu au vitambaa na shanga. Mbele yao alitembea kirangozi, ndiye dereva wa wakati ule. Richard Burton, Mwingereza aliyetoka pwani Juni 1857 akafika Tabora Novemba, mji ukiitwa Kazeh, ameandika jinsi kirangozi alivyojipamba: kitambaa chekundu, ngozi ya mbega mwenye manyoya marefu, na kichwani kilemba cha manyoya ya ndege. Bendera inapepea, ngoma inalia. Mwambie mtu huyo akae kwenye Vitz ya bluu, ataomba kope zaidi.

Na ukiendelea na njia ile utakutana na neno jingine la ajabu. Kila mtemi aliyepitiwa nchi yake alidai ushuru wa kupita, ukaitwa hongo. Ilikuwa halali kabisa, ukilipa unaendelea. Leo neno limebaki, njia imebaki, na nisiendelee maana nina safari nyingine mwezi ujao.

Mimi na binamu yangu tulikwenda Desemba. Mpango ulikuwa bomba: siku mbili Tabora, halafu tushike njia ya misafara kwa gari, Urambo, Kaliua, tuvuke Malagarasi pale Daraja la Kikwete, Uvinza, Kigoma, hadi Ujiji tupige picha mahali Stanley alipokutana na Livingstone Novemba 1871. Mwembe wenyewe wa zamani haupo tena, ila ipo miembe inayosemwa ni ya kizazi chake. Binamu alikuwa ameshanunua kofia ya picha hiyo.

Kwa nini Desemba? Maembe. Tabora ina miembe mpaka unachoka, na watu wanasema mingi imetokana na kokwa walizotupa watu wa misafara. Tatizo ni kwamba embe na mvua huku zinakuja pamoja. Msimu ni mmoja, kama Novemba hadi Aprili. Wapagazi walilijua hili vizuri. Mvua za kwanza zikinukia, Mnyamwezi alitaka kuwa kwake analima, na msafara uliochelewa kupata watu ulikaa. Mzungu na pesa zake anakaa. Sisi na kofia zetu tukaja mwezi ule ule.

Wa kutupeleka Kwihara tulimpata karibu na stesheni. Kijana wa umri wetu, ameitandika bajaji yake zulia jekundu hadi kwenye dari, taa ndogo za rangi kuzunguka kioo kama disko la mwaka mpya. Nyuma hakukuwa na methali. Kulikuwa na BADO MIEZI, halafu kibandiko cha namba 7, kimebandikwa juu ya vibandiko vingine hadi kimevimba.

"Miezi saba nini, kaka?" binamu akauliza.

"Ya mkataba, dada. Ikifika sifuri ni yangu."

Kwa asiyejua: tajiri ananunua bajaji, kijana anaendesha. Kila siku anapeleka hesabu, na muda wa mkataba ukiisha chombo kinakuwa cha kijana. Yeye hesabu yake ilikuwa elfu 15 kwa siku, Jumapili hailipwi. Mafuta juu yake. Matengenezo juu yake. Kuumwa juu yake. Siku asiyopeleka inaongezwa mbele, kwa hiyo ile 7 ilishawahi kuwa 6 ikarudi. Alisema hivyo anacheka, lakini mapambo yote yale, zulia, taa, alikuwa ameyaweka kwenye chombo ambacho bado si chake. Nilimwuliza kwa nini asingoje. Akasema, "Mke unamposa umevaa vizuri, au unangoja ndoa ndiyo uoge?"

Kwihara iko nje kidogo ya mji, njia ya vumbi. Tembe la Livingstone limejengwa upya, kwa hiyo usije ukabusu ukuta ukidhani yeye aliuegemea. Lakini limejengwa kwa namna ya zamani, kuta nene, paa bapa, mlango wa nakshi, ua katikati, na ndani kuna picha na ramani. Hapa Stanley na Livingstone walirudi pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Mzee akabaki anangoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti. Fikiria, miezi mitano umekaa kwenye ua huo, huna redio. Alikufa mwaka uliofuata, 1873, mbali huko ambako sasa ni Zambia, na akina Susi na Chuma wakabeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia hapa hapa Unyanyembe. Kitabu kinamsifu mzee. Mimi ningewajengea Susi na Chuma tembe lao.

Saa tisa alasiri mbingu ikageuka rangi ya sufuria. Hakuna matone ya kubisha hodi, hakuna upepo mdogo wa kuonya. Vumbi jekundu lilisimama kama ukuta, mbuzi wakakimbia, halafu maji. Bajaji ilikuwa chini ya mwembe, pale kwenye kivuli, na sisi tukakimbilia huko huko.

"Dada zangu, chini ya mwembe hapana!" akapiga kelele. "Radi haichagui!"

Tukajikuta barazani kwa mama mmoja ambaye hatumjui. Binamu akakumbuka adabu katikati ya mafuriko, akamwamkia "Mwangaluka, mayu," yule mama akacheka hadi akakaa, kwa sababu ilikuwa jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi. Akatupa matobolwa na kikombe kimoja cha chai tukipokezane. Tukiwa hapo ndipo tuliposikia mlio, si radi, mlio wa mti. Tawi kubwa lilishuka juu ya bajaji taratibu, kama mtu anayelala.

Turubai lilipasuka kutoka mbele hadi nyuma. Kioo cha mbele kilivunjika. Taa za disko, ajabu, ziliendelea kuwaka. Kijana alisimama kwenye mvua, hakutukana, hakulia, alianza kuokota maembe yaliyoanguka na kuyapanga kwenye kiti kimoja kimoja. Nadhani mikono ilihitaji kazi.

Mimi nilikuwa nimeshaona mvua ikila likizo. Desemba 2009 nikiwa darasa la tano mama alituleta Tabora kwa treni kula Krismasi. Reli ya Kati ilifika mji huu 1912, na kutoka Dar ni kilomita 840, usiku mmoja wa ngano za mama na mayai ya kuchemsha. Tukiwa huku, mvua zikaishukia Kilosa, Mto Mkondoa ukafurika, reli ikakatika. Bonde lile lile la Mkondoa ndilo misafara ilipitia, na nyanda za Makata zilizo jirani ndizo Stanley alizokatiza kwenye matope ya masika ya 1871. Yaani Mjerumani alipita na reli mahali mpagazi alipokuwa anazama hadi kiunoni. Tulirudi Dar kwa basi kupitia Nzega, wakati huo njia ni tope tupu, siku mbili. Shule imefungua wiki nzima, viboko vikaningoja. Mama alitoa kitambaa chake cha Krismasi akauza njiani ili tule. Hilo silisahau, kitambaa cha zambarau.

Kwa hiyo usiku ule gesti mimi na binamu tulibishana. Yeye akasema tumpe kijana pesa ya turubai. Mimi nikasema pesa hiyo ndiyo Ujiji. Yeye akasema tawi lilianguka kwa sababu tulimleta. Mimi nikasema tawi lilianguka kwa sababu ya upepo. Tukalala tumenuniana.

Asubuhi akaja mwenyewe. Binamu akamnyoshea pesa, akarudisha mikono nyuma.

"Bure hapana. Mkinipa bure, nikiwaona tena nitajificha. Nikodini leo kutwa, bei ya kutwa. Mvua ikinyesha mtalowa."

Tukamkodi siku ile na iliyofuata. Ndiyo, Ujiji ikafia hapo. Bajaji bila kioo ni kitu kingine, msomaji wangu: upepo unakuja na wadudu wake, ukicheka unakula. Turubai alilishona kwa uzi wa viroba na vipande vya mfuko wa mbolea. Tulizunguka Boma la Wajerumani, tukapita njia za miembe, tukaenda upande ambao mtemi Isike alikuwa na ngome yake hadi Januari 1893, alipowasha baruti akajilipua kuliko kukamatwa na Wajerumani. Kila tuliposimama watoto walisoma nyuma, "Bado miezi saba!" wakishangilia, hawajui wanashangilia nini. Jioni ya pili alihesabu pesa zetu, akatenga hesabu ya tajiri ya siku tatu, pamoja na ile ya mvua. Iliyobaki ilitosha turubai. Kioo hakikutosha.

Kama unataka kwenda, nakupa ninayoyajua. Kuanzia Juni hadi Septemba njia ni kavu na Kwihara unafika bila kuvua viatu, ila embe hupati, utaonyeshwa mti tu. Desemba unapata vyote viwili. Asali nunua kwa mtu anayekuruhusu kuonja. Ukisikia mti unalia usiulize, ondoka. Na pale stesheni, ukikuta bajaji yenye zulia jekundu na plastiki mahali pa kioo, ikodi ya kutwa, usitake kupunguziwa.