Usiibembeleze Injini Mpya

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako kuhusu Hiace nimeupata, na picha za bloku iliyorudi kutoka kuchongwa nimezitazama moja moja. Kazi imenipendeza. Injini ya 3L ikifanyiwa ovaholi vizuri itakulipia ada za watoto kwa miaka, na fedha uliyotoa kwa pistoni za ovasaizi, ringi, beringi na kuchonga si ndogo. Ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, ili barua hii ikae garini na dereva wako naye aisome.

Umeniambia fundi anataka gari likishawaka liachwe sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, chini ya mwembe kutwa nzima, injini izoee, kisha mtembee nalo polepole wiki mbili. Kazi yake ya kufunga injini naiheshimu. Kwa hili simkubalii hata kidogo, na wewe usimkubalie.

Tazama tena ile picha uliyopiga kwa karibu ndani ya silinda. Utaona mistari myembamba inayokatana mshazari ukutani. Imewekwa makusudi na jiwe la kusugulia baada ya kuchonga. Mistari hiyo inafanya kazi mbili: mabonde yake yanashika oili, na vilele vyake vinaisugua ringi mpya kama msasa mpaka uso wa ringi na uso wa silinda viwe vimekubaliana pande zote. Vilele hivyo havidumu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaisha katika kilomita mia chache za mwanzo, na ikipita hairudi mpaka ufungue injini upya.

Sasa, ni nini kinachoibana ringi ukutani? Watu wengi hudhani ni ule mkunjo wake wenyewe. Mkunjo upo, lakini ni mdogo. Kinachoibana ringi ya juu kwa nguvu ni moto wa dizeli: hewa iliyowaka inashuka pembeni ya pistoni, inaingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Injini ikiwa na kazi ya kufanya, shinikizo linakuwa kubwa na ringi inakaa. Ikiwa sailensi, shinikizo ni dogo, silinda haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua vizuri inashuka ukutani na oili inapita juu ya ringi. Oili hiyo inaungua kidogo kidogo na kuacha utando mgumu unaong'aa, unaojaza mabonde yale yale uliyolipia. Ukuta ukishang'aa hivyo, ringi hazitakaa tena. Miezi mitatu baadaye unaona moshi wa bluu, kila asubuhi unaongeza oili, na watu wanasema ringi zilikuwa feki. Injini za dizeli ndizo zinazoumia zaidi kwa sailensi ndefu, kwa hiyo hofu yangu si ya bure.

Kabla ya kuwasha, oili ifike kila mahali. Filta ijazwe oili kadiri mkao wake unavyoruhusu. Juu ya pampu ya dizeli kuna solenoidi ya kukata mafuta. Fundi auchomoe waya wake, kisha azungushe injini kwa stata kwa vipindi vya sekunde kumi hivi, akiipumzisha stata katikati, mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo arudishe waya na kuwasha. Ikishawaka, iachwe kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika chache tu, mkiangalia kama oili, maji au dizeli inavuja na kama rejeta imetoa hewa yote. Kama kila kitu ni kikavu, toka nayo barabarani.

Kuna atakayekwambia ishikiliwe kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20. Ushauri huo una asili yake: ni wa zile V8 za zamani za Marekani, ambazo kemshafti iko chini ndani ya bloku na inasugua tapeti bapa zinazohitaji oili ya kurushwa na krenki. Kule una maana. Kemshafti ya 3L iko juu kwenye hedi na inapelekewa oili na pampu.

Njia ninayokupendekezea ni ya Dodoma. Toka Msamvu hapo Morogoro, pita Dakawa na Magole, geuza Dumila urudi. Vibao vya 50 vya vijijini vitakufanyia nusu ya kazi. Kila mnapotoka kijijini, dereva akae gia ya nne, akanyage mafuta nusu hadi robo tatu, gari lipande kutoka 50 hadi kwenye 75 hivi, kisha aachie mafuta kabisa na kuliacha lipungue lenyewe. Arudie. Kukanyaga ndiko kunakoibana ringi, kuachia kunalipa joto nafasi ya kushuka. Abiria wasiwepo safari hiyo. Weka mifuko michache ya mchanga au watu wawili watatu wa nyumbani. Akianza kubeba, abebe nusu kwa siku kadhaa. Mambo mawili asiyafanye: kushikilia mwendo mmoja kwa saa nzima, na kuikaba injini kwa gia kubwa kwenye kilima mpaka inatetemeka. Mlima Kitonga usubiri mpaka injini ipite kilomita 1,000. Na macho yawe kwenye mshale wa joto, kwa sababu injini iliyobana inatoa joto zaidi. Ukianza kupanda, apunguze mzigo na mwendo.

Hapo kwenye joto nina ombi zito. Fundi asiitoe thamostati. Najua gereji nyingi huitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ina joto, hatuihitaji. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani peke yake. Inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi upesi na kuiweka hapo. Bila hiyo, injini inatembea ikiwa ya baridi, dizeli inachanganyika na oili, na ringi ulizotaka zikae zinakaa vibaya. Kama ya zamani imekufa, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ringi.

Kuhusu oili, umeuliza kama ununue sinthetiki kwa sababu ndiyo ghali. Hapana, kwa sasa nunua 15W-40 ya kawaida ya madini, ya dizeli. Namba ya mwisho, 40, inaeleza uzito wa oili ikiwa nyuzi 100. Namba yenye W inaeleza inavyotiririka kwenye baridi. Morogoro huna barafu ya kukulazimisha ununue 5W. Lakini usichukue SAE 40 kavu isiyo na W, maana asubuhi inakuwa nzito na inachelewa kufika kwenye kemshafti. Kisha tafuta herufi za API nyuma ya dumu: zinazoanza na C ni za dizeli, zinazoanza na S ni za petroli. CH-4 ya mwaka 1998 inatosha, CI-4 ya 2002 ni bora zaidi. Maneno makubwa ya mbele ya dumu usiyajali.

Wanaosema sinthetiki inazuia ringi kukaa kabisa wanazidisha. Magari ya Corvette yamekuwa yakitoka kiwandani na Mobil 1, ambayo ni sinthetiki, tangu 1992. Ila silinda za kiwandani zimemaliziwa kwa mashine za hali ya juu, zako zimesuguliwa kwa mkono wa fundi, na zinahitaji msuguano kidogo mwanzoni. Isitoshe, oili hii ya kwanza utaimwaga mapema sana, na kumwaga oili ghali ni hasara. Zile chupa za dawa ya kuongeza kwenye oili, zinazoahidi kupunguza msuguano, zisiingie humo kabisa.

Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala unayemjua, angalia lakiri ya kifuniko, na madumu yakiisha yatoboe, kwa maana kuna wanaoyaokota na kuyajaza oili chafu iliyochujwa.

Mwaga oili na ubadilishe filta mara mkirudi kutoka Dumila. Mwaga tena kwenye kilomita 500, tena kwenye 1,500, halafu nenda kila 5,000. Kwenye 1,000 fundi apime nafasi za valvu. Filta ya kwanza usiitupe. Ikatwe kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno utaijaza chembe zake wenyewe. Toa karatasi ya ndani, ikunjue juani, pitisha sumaku. Vumbi la kijivu linalong'aa kidogo na kushika kwenye sumaku ni la ringi na silinda, litegemee. Vipande bapa vya rangi ya shaba au fedha vinavyoikataa sumaku vinatoka kwenye beringi. Ukiviona, gari lisimame siku hiyo hiyo.

Kila asubuhi dereva apime kijiti kabla ya kuwasha na aandike kwenye daftari, pamoja na kilomita. Oili ikipungua kidogo mwanzoni kisha kijiti kikatulia, ringi zimekaa. Nitumie picha ya karatasi ya filta ikiwa imekunjuliwa, upige mchana na usiifute kwanza.

Mjomba wako