Mashine na Kauli Isiyoshikana

Sisi tuliolelewa na vina na mizani tumezoea kuisifu kauli inayoruka. Mshairi hutoka mwezini akazama kisimani, na msikilizaji akamfuata kwa furaha. Lakini upo mruko mwingine, usio na furaha. Kijana wa jamaa zangu, mwenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, aliupata akiwa na miaka 19. Pale kihambani, katikati ya migomba, wengine walisema karogwa, wengine kavuta bangi. Bibi yake alinena tu kwamba maneno ya mjukuu wake hayashikani. Ilipita miezi mingi kabla hajafikishwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971.

Alichokisikia bibi kwa sikio, wataalamu wameifundisha kompyuta kukisikia. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa New York juu ya vijana 34 waliokuwa katika hatari ya saikosisi, maradhi yanayomtenga mtu na uhalisi. Kompyuta ilipima umbali wa maana baina ya sentensi na sentensi, urefu wa vifungu, na wingi wa vineno vinavyounga kishazi na kishazi. Watano waliougua baadaye iliwatambua wote. Mwaka 2018, kwa vijana wa Los Angeles, usahihi ulikuwa asilimia 83.

Hapo ndipo mfasiri anapotia shaka. Mashine ile ilisomeshwa Kiingereza. Kiswahili, tukiacha "amba-", huuficha urejeshi tumboni mwa kitenzi: aliyekuja, nilichokiona. Mashine inayohesabu vineno vilivyosimama peke yake itaona pengo katika usemi wa mtu mwenye akili timamu. Na kijana wa Moshi huanza kwa Kivunjo au Kimachame, akaendelea kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza cha shule. Huo nao ni mruko, wala si ugonjwa.

Kumbandika mzima jina la mwendawazimu ni kumfungia milango ya ndoa na kazi. Kumchelewesha mgonjwa nako ni dhara, kwani kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Kwa hiyo sisemi mashine itupwe. Nasema isomeshwe kwanza mazungumzo ya watu wetu, kwa ridhaa yao, na lugha zao zote zikiwamo. Na itakapoonya, onyo lake lifike kwa tabibu atakayeketi na kijana amsikilize, lisifike kwa mwajiri wala kwa mwalimu mkuu.