Daftari la Mama na Geti la Masaki

Mwaka 2000 alikuja nyumbani kwetu Tandika dada mmoja mwenye mkoba, ameongozana na mjumbe wa nyumba kumi. Kaya yetu ilikuwa imechaguliwa kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Mama alidhani ni watu wa kodi. Mjumbe akamtoa wasiwasi: "Bi mkubwa, hawa ni wa takwimu, hawana habari na vitumbua vyako."

Kumbe walikuwa nayo. Hata vitumbua tulivyokula wenyewe vilitakiwa kuandikwa na kuwekewa thamani. Tuliachiwa daftari la mwezi mzima, na kazi ya kuandika ikaniangukia mimi, mwanafunzi wa nyumba. Tabu ilikuwa vipimo. Mama alinunua mafuta ya kupima, mkaa kwa kopo, dagaa kwa fungu. Daftari lilitaka kilo. Siku moja dada yule alibeba fungu letu la dagaa hadi kwenye mizani ya duka la jirani. Mwenye duka alicheka sana kuona serikali inapima dagaa wa Tandika. Mjomba naye alipoleta samaki kutoka Kigamboni, tukaambiwa tukadirie bei yao, ingawa tulipewa bure.

Mama alipoulizwa anapata kiasi gani, alitaja kiasi kidogo kuliko sarafu nilizokuwa nikimhesabia jioni. Dada aliandika bila kubisha, nadhani alishazoea. Ndiyo maana wataalamu wetu hupima umaskini kwa matumizi. Watu huficha mfuko, lakini chungu kinachochemka jikoni hakifichiki.

Utafiti ule wa 2000/01 ulifikia kaya zaidi ya 22,000. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilikuwa imegeuzwa wakala mwaka uliotangulia, na serikali ilihitaji namba za kuanzia kwa ajili ya Mkakati wa Kupunguza Umaskini, uliokwenda sambamba na msamaha wa madeni. Utafiti wa nyuma yake ulikuwa wa 1991/92. Katikati hapo mashirika ya umma yalibinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini, wengine wakatajirika, na hapakuwa na namba mpya za kuonyesha nani kapanda na nani kashuka.

Baadaye zikaja awamu za 2007, 2011/12 na 2017/18. Daftari la kaya likafupishwa hadi wiki mbili, na mimi naunga mkono hatua hiyo. Ikifika wiki ya tatu watu huandika "kama jana". Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibanwa, ikawa hatari kutangaza namba zinazokinzana na za serikali, kisha 2019 ikalegezwa. Sensa ya 2022 makarani walikuja na vishikwambi, ambavyo baadaye waligawiwa walimu.

Ukubwani nami nilifanya kazi ya udadisi, kwa ajili ya tafiti za watu binafsi, wilayani Kinondoni. Tandale nilikaribishwa kwenye mkeka kabla sijamaliza kujitambulisha. Mtu anakueleza deni la kikoba, kodi ya chumba, hata mume alichoacha mezani asubuhi. Masaki, wilaya hiyohiyo, nilizungumza na walinzi. Kidirisha cha geti kinafunguliwa nusu: "Bosi hayupo. Acha namba." Barua yenye mhuri ilipokewa kwa adabu, ikaishia hapohapo getini. Kaya iliyokataa unaweza kuibadilisha na nyingine, ila inayokubali mara nyingi ni ya mwalimu mstaafu au ya mtunza nyumba anayeishi uani.

Matokeo ya 2017/18 yalionyesha kipimo cha Gini, kinachoonyesha pengo kati ya walionacho na wasionacho, kimefika 0.38, kutoka 0.34 mwaka 2011/12, ilhali umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Naamini pengo limepanuka, na nahisi ni pana kuliko hapo, kwa kuwa upande mmoja tunaujua hadi fungu la dagaa, upande wa pili tunaujua kwa maelezo ya mlinzi. Isitoshe, utafiti ule uliishia ngazi ya mkoa: Tandale na Masaki zimo ndani ya namba moja ya Dar es Salaam.

Kuongeza madaftari uswahilini hakutatibu hilo. Kumbukumbu za kodi, hati za viwanja na usajili wa magari tayari zimo serikalini. Majina yakiondolewa, watakwimu wangeweza kuzilinganisha na madaftari ya kaya bila kumgongea mtu geti.