Dume Wako Hazalishi? Angalia Bakuli Lake Kwanza



Katika kata ninayohudumia naitwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa hukumbukwa akishauma mtu. Lakini kuna mama mmoja ambaye ada ya binti yake hutokana na kuuza watoto wa mbwa. Dume wake alipandisha majike watatu mfululizo, hakuna aliyeshika mimba. Wenye majike wakadai pesa zao, naye akaamua kumwondoa.

Nikamuuliza anakula nini. "Ugali wa dona, mtaalamu. Anashiba kabisa."

Kushiba ni jambo moja, kulishwa vizuri ni jingine. Dona na pumba zina kitu kinachozuia mwili kufyonza madini ya zinki, na bila zinki na protini ya kutosha korodani hazitengenezi mbegu nzuri.

Nikamwita daktari wa mifugo kwanza. Ugonjwa wa kutupa mimba (bruselosi) huwapata mbwa pia, huweza kumwambukiza binadamu, na hakuna chakula kinachoutibu. Kipimo kikatoka salama. Mbegu zilipoangaliwa kwa hadubini, zilikuwa chache na dhaifu.

Tukabadilisha bakuli hivi:

- Ugali nusu tu, wa mahindi yasiyo na ukungu, maana sumukuvu huharibu ini.
- Nusu nyingine nyama iliyochemshwa, dagaa wasio na chumvi, au mayai ya kuchemsha.
- Maini kidogo, mara moja kwa wiki. Yakizidi, vitamini A hudhuru.
- Kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, kwa ajili ya vitamini E.
- Asinenepe. Ukipapasa, mbavu ziguswe kwa urahisi.

Jambo gumu lilikuwa kumwomba mama asubiri. Mbegu ya mbwa huchukua takriban siku 60 kutengenezwa, kisha kama wiki mbili kukomaa. Mbegu anazotoa dume leo zilianza na chakula cha zaidi ya miezi miwili iliyopita. Baada ya miezi mitatu zilipimwa tena, zikawa nyingi na zenye nguvu. Jike aliyefuata alizaa watoto watano.

Kwa hiyo, mayai ya siku moja kabla ya kupandisha hayasaidii kitu. Anza kumlisha vizuri miezi mitatu kabla, na usimuuze wala kumuua dume kabla hajapimwa.