Kutoka Mungaa hadi Nungwi: kasi isiyo na breki

Mungaa ni nchi ya majabali na vumbi. Ipo katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, mahali ambapo mvua huja kwa msimu mmoja tu wa mwaka, tangu Novemba au Desemba hadi kwenye Aprili, na miezi iliyosalia watu huishi kwa kisima, lambo na subira. Wenyeji, walio wengi wao Wanyaturu, hulima mtama, uwele na alizeti, na kuku wao husafiri mbali kuliko wao wenyewe. Mto wa huku hujaa siku chache kisha hubaki mchanga. Kwa hiyo mtoto wa Mungaa hukua akijua kupanda jabali, kuchunga na, siku hizi, kuendesha pikipiki. Kuogelea hakumo katika mafunzo yake. Angeogelea wapi?

Nimelitanguliza swali hilo kwa kuwa ndilo lililonitoa nyumbani. Ilikuwa siku ya pili ya Idd, baada ya swala ya Alasiri, tumekaa uani kwa dada yangu. Simu yake ikalia. Mwanawe, aliyekuwa bodaboda kati ya Mungaa na Ikungi, alikuwa ametuma picha za video kutoka Unguja. Tukamwona juu ya chombo cheupe, maji yameruka kama mbawa pande zote mbili, naye anacheka. Alikuwa amepata kazi Nungwi ya kuendesha zile zinazoitwa pikipiki za majini na kuwaongoza wageni wanaozikodi. Watoto walishangilia, wakataka irudiwe. Dada yangu hakushangilia. Aliitazama mara ya pili hadi mwisho, akanikabidhi simu, akaniuliza: “Kaka, huyu amejua lini kuogelea?”

Sikuwa na jibu. Na kwa vile nilikuwa na shughuli zangu Dar es Salaam, aliniomba nivuke hadi huko nikamtazame mpwa wangu kwa macho. Akanipa na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti nimpelekee, maana kwa mama wa Singida mtoto aliye mbali ni mtoto asiyekula vizuri.

Njiani nilijikuta nikihesabu kasi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Katika basi, kila aina ya kasi ilikuwa na mlinzi wake. Basi halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa; likiingia kwenye makazi ya watu kibao huliamuru 50; na mbele ya kibao, nyuma ya mti, yupo askari mwenye tochi. Dereva akijisahau, abiria nao hupaza sauti. Dodoma niliingia kwenye treni ya umeme iliyoanza kufika huko mwaka 2024, ambayo huweza kukimbia kilomita 160 kwa saa, mara mbili ya basi letu, na bado mzee aliyekaa mbele yangu alisinzia kwa utulivu. Kasi ile haikumtisha kwa kuwa njia yake ni yake peke yake: hakuna ng’ombe, hakuna baiskeli, hakuna mtoto anayevuka kwenda shule.

Somo la kwanza la maji nililipata nikiwa bado bandarini Dar es Salaam. Boti iendayo kasi ilitoka taratibu mno, kiasi cha kijana mmoja kulalamika. Lakini chombo kikubwa kikienda mbio huacha nyuma yake mawimbi, na mawimbi hayo huendelea kusafiri baada ya chombo kupita, yakazipige ngalawa na madau ya watu ambao hawakukodi kitu wala kukata tiketi. Tulipofika bahari ya wazi ndipo nahodha alipoifungulia. Kiasi cha maili 40 za baharini hadi Unguja tulizimaliza kwa muda wa kama saa mbili. Maili ya baharini ni mita 1,852, na mabaharia hupimia kasi yao kwa maili hizo katika saa moja.

Nungwi ni ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Hapo mafundi bado wanaunda majahazi ufukweni kwa nyundo na tezo, mbao zimelazwa mchangani, na harufu ya mbao mbichi inachanganyika na ya samaki. Tofauti na pwani ya mashariki, ambako maji yakitoka huacha tambarare ndefu, hapa bahari haiendi mbali, hivyo watu huogelea kutwa. Ndiyo sababu wageni wengi hukusanyika hapa, na pikipiki za majini zikawafuata. Ukanda mmoja wa maji, ambao ungeweza kuuzungushia macho kwa mtazamo mmoja, wamo waogeleaji, wapigambizi, ngalawa zenye tanga, wavuvi wa pweza wenye miwani ya kuzamia, kasa ambao lazima wapande juu wavute pumzi, na vyombo vinavyoweza kukimbia kilomita 80 kwa saa na zaidi. Hakuna kibao wala askari mwenye tochi.

“Shikamoo mjomba!” Mpwa wangu alikuwa amenenepa, kinyume na hofu ya mama yake. Alilipokea dumu kwa mikono miwili, akalinusa, akacheka. Kisha akanichukua kunionesha mashine yake kama kijana anavyomwonesha mjomba wake nyumba ya kwanza aliyojenga.

Nilimtaka anieleze inavyofanya kazi, naye alieleza vizuri. Chombo kile hakina rafadha inayojitokeza nje. Kinavuta maji kwa chini na kuyatema kwa nguvu nyuma kupitia mdomo mmoja, na usukani kazi yake ni kuugeuza ule mdomo upande huu au ule. Maji yanayotemwa ndiyo yanayosukuma, na hayo hayo ndiyo yanayogeuza. Nikamuuliza swali la mtu wa bara: “Na breki iko wapi?” Alinyamaza kidogo. “Hakina, mjomba.” Zipo za kisasa zilizotengenezewa namna ya breki, yake haikuwa katika hizo.

Usiku, baada ya Isha, ndipo alipoyasema yaliyobaki. Wiki ya pili ya kazi, akiwa mbele ya mgeni wake, kichwa cha mvuvi kilitokeza juu ya maji mbele yake, miwani usoni, pweza mkononi. Mpwa wangu alifanya lile ambalo miaka minne ya barabara ya vumbi ilimfundisha: aliachia mafuta na kukata kona. Katika pikipiki ya nchi kavu hilo lingemwokoa mtu. Katika pikipiki ya majini, ukiachia mafuta maji hayatemwi tena kwa nguvu, na yasipotemwa usukani unakuwa kama mpini usio na jembe. “Niligeuza mikono yote, mjomba. Hakikugeuka. Kilikwenda palepale nilipokuwa nakiomba kisiende.” Kilimpita mvuvi umbali wa mkono mmoja. Mzee yule hakutukana. Alimwuliza tu kwao ni wapi, na aliposikia Singida akauliza tena: “Huko kuna bahari?”

Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu jambo hili hudhaniwa kuwa ni la uhodari, ilhali ni la hesabu. Chombo kinachokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Uwanja wa mpira mzima hauchukui sekunde tano. Kichwa cha mtu aliye majini ni kidogo kama nazi, na wimbi la kimo cha goti linatosha kukificha. Ongeza kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili bali mara nne. Anayetoka kilomita 10 kwa saa akafika 80 ameibeba nguvu hiyo mara 64. Na anayegongwa hana bati wala mkanda, ana ngozi tu. Hata aliye juu ya chombo, akirushwa kwa kasi ile, maji humpokea kwa ugumu unaoweza kumjeruhi vibaya.

Sheria ya bahari inalijua hili, ila inalisema kwa namna ambayo mtu wa barabarani huiona ngeni. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, katika kanuni yake ya 6, hazitaji namba yoyote. Zinakitaka kila chombo, wakati wote, kiende kwa kasi salama: kasi itakayokiwezesha kuchukua hatua ya kuepuka kugonga na kusimama ndani ya umbali unaofaa. Kisha zinamtaka mwongozaji apime mwenyewe uwezo wa kuona, wingi wa vyombo, wepesi wa chombo chake kugeuka na kusimama, upepo, bahari na mkondo. Nilipomsomea mpwa wangu maneno hayo alisema: “Kumbe kibao kiko kichwani mwangu.” Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo, kwani kichwa chenyewe kilipewa mafunzo ya siku moja. Kwetu, ukaguzi na usajili wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC kwa upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Lakini mkaguzi hakai mgongoni kwa kijana saa zote.

Wapo walioona kwamba kichwa pekee hakitoshi wakaweka namba. Ufaransa imeweka mpaka wa mita 300 kutoka ufukweni, na ndani yake chombo hakizidishi maili 5 za baharini kwa saa, yaani kilomita 9 hivi, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kwenye ziwa Windermere nchini Uingereza, Henry Segrave aliweka rekodi ya dunia tarehe 13 Juni 1930 kwa kasi ya karibu kilomita 159 kwa saa, takriban ile ya treni yetu ya Dodoma. Muda mfupi baadaye, katika duru nyingine siku ileile, boti yake ilipinduka, inavyoaminika baada ya kugonga gogo, naye akafa. Ziwa hilohilo, tangu Machi 2005, lina ukomo wa maili 10 za baharini kwa saa. Wenye boti za mbio walipinga kwa miaka, wakisema starehe yao inauawa. Siwalaumu kwa kupenda kasi. Nimeipanda ile mashine nyuma ya mpwa wangu, na nakiri moyo wangu ulicheka kabla sijaukumbusha umri wake. Lakini starehe ile ilikuwa yetu wawili, na hatari ilikuwa ya kila aliyekuwemo majini.

Nami sikuweza kumwambia afunge mzigo turudi Mungaa. Ada ya mdogo wake wa kidato cha pili inatoka kwenye mashine ile. Analipwa kwa kila mzunguko, na mzunguko ukiwa mfupi siku hubeba mizunguko mingi; hesabu hiyo, kuliko ujana wake, ndiyo inayokaza mkono wake kwenye mafuta. Tuliyoafikiana yalikuwa madogo. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa, lisitundikwe begani. Kamba inayozima injini mtu anapodondoka ifungwe mkononi kila mara, hata kwa mzunguko wa dakika tano. Kutoka na kuingia ufukweni iwe kwa mwendo wa mtu anayetembea, hadi waogeleaji wote wabaki nyuma. Mgeni asiyetaka kusikiliza arudishiwe fedha zake. Hilo la mwisho lilimgharimu siku iliyofuata tu, na tajiri wake hakulipenda. Wazazi wanaowapeleka watoto ufukweni siku za sikukuu wanaweza kuyauliza hayo kabla ya kutoa noti mfukoni, na wamwulize pia kijana anayekodisha kama yeye mwenyewe anajua kuogelea.

Maana wetu hakujua. Alikuwa ameajiriwa kwa kujua pikipiki, wala hakuna aliyemwuliza la zaidi. Asubuhi yangu ya tatu tulimfuata yule mvuvi wa pweza. Tulimkuta anashona wavu kivulini, tukasalimiana, tukaombana radhi. Nilimweleza kuhusu Mungaa, mito ya mchanga na dada yangu. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akasema angeweza kumfundisha kijana kila siku baada ya Alfajiri, kabla ya shughuli kuanza, bahari ikiwa imelala. Fedha alikataa. Alikuwa akilitazama lile dumu, ambalo mpwa wangu alikuwa amekuja nalo ili amwonjeshe mafuta ya kwetu.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, niliwaona kwa mbali: mzee ndani ya maji ya kifua, na kijana wa Mungaa amelala chali juu ya viganja vyake, miguu imekakamaa kama ya mtu anayepimwa kaburi. Mashine nyeupe ilikuwa imefungwa mchangani.

Nikiwa kwenye boti ya kurudi dada yangu alipiga simu. Aliuliza kama mafuta yamefika. Nikamwambia yamefika, na yanatumika.