Risasi Isiyolia

Nilipokuwa mtoto Owino Uhuru, risasi ilikuwa kitu cha bunduki. Maana ya pili tulifunzwa na kiwanda.

Kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba zetu, huko Mikindani, Mombasa. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mwanzoni tulikifurahia. Wanaume waliozoea kwenda kwa miguu hadi Changamwe kutafuta kibarua, sasa walivuka uchochoro tu. Moshi ulipoanza kutukoholesha usiku, shangazi alitutuliza: "Vumilieni, wanangu. Huo ndio unga wenu." Mumewe alikuwa akipakua betri mle ndani.

Kuku ndio waliotangulia. Walikunywa maji yaliyochuruzika chini ya ukuta, asubuhi tukawaokota wamekufa. Kisha mabati yakaliwa na kutu hadi yakawa kama chujio, na mabati hayo ndiyo yaliyotukingia maji ya mvua. Mtoto wa mwisho wa shangazi akaanza kushikwa na degedege. Zahanati ilimpa dawa ya malaria, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu.

Wakati huo Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alikuwa akizunguka mtaani akidai kifungwe. Mwanawe wa kunyonya alikuwa amepimwa damu, ikakutwa na risasi. Wengi hawakumtaka. Shangazi mwenyewe alimfungia mlango: "Huyu anakuja kutumwagia unga." Lakini watoto wetu walipopimwa na majibu yakaja, shangazi aliomba karatasi isomwe mara mbili. Risasi, ndani ya damu ya mtoto ambaye hajawahi kuona bunduki. Katika maandamano yaliyofuata, alikuwa mstari wa mbele na tawi la mwarobaini mkononi. Mumewe hakumzuia.

Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Tulidhani yamekwisha, kumbe safari ya mahakamani ilikuwa ndefu kuliko ya barabarani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo shangazi aliiweka karatasi ya damu chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni isipate unyevu.

Fidia haitoi risasi mwilini, na iliyozama ardhini haiendi kokote mpaka watu waitoe. Simlaumu shangazi kwa mlango alioufunga; njaa nayo ina hoja zake. Ila kiwanda kikibisha hodi mtaani kwenu, kabla ya kuuliza kitaajiri wangapi, ulizeni kinayeyusha nini, na maji yake yataelekea wapi.