Ndugu wa Birika Moja

Baba yangu hakuwa mtu wa kusimulia. Katika miaka yote niliyokaa naye sikumbuki jioni hata moja aliyotukalisha akatueleza alizaliwa katika nyumba ya namna gani, alikula nini utotoni, alianza lini kuvuta sigara na kwa nini aliacha. Hayo yote niliyasikia kwa mara ya kwanza mwaka 2017, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake katika chumba kidogo cha hospitali ya rufaa. Alikuwa akimweleza binti wa miaka ishirini na kitu, aliyeshika kalamu na dodoso lenye kurasa nyingi. Baba alikuwa na saratani ya umio. Alikuwa amebakiza miezi saba, ingawa siku ile hakuna kati yetu aliyeijua hesabu hiyo.

Ilianza na ugali. Tonge lilikuwa linasimama kifuani, naye analisukuma kwa maji. Akaacha nyama, akaacha ugali, akaacha ndizi, mwishowe akabaki na uji. Zahanati tuliyoizoea walimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi minne, na kila aliporudi aliambiwa avumilie, zitafanya kazi. Jambo hilo lilinikasirisha kwa muda mrefu. Baadaye nilielewa kwamba chakula huanza kukwama uvimbe ukiwa umeshaziba sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo hata kama wangetuwahisha, huenda tungekuwa tumeshachelewa. Hasira ikapungua, lakini haikuisha, kwa sababu miezi minne ni mingi. Mtu mzima akisema chakula kinakwama, apelekwe kwenye kipimo cha kamera wiki hiyo hiyo. Naliandika hili wazi kwa sababu huenda anayesoma hapa ana mzazi ambaye leo mchana amesukuma tonge kwa maji na hakusema kitu.

Hospitali ya rufaa walimpitishia kamera kooni, wakachukua kinyama, na baada ya wiki mbili daktari akatuita. Alichukua kalamu, akachora nyuma ya karatasi ya vipimo mistari miwili inayokwenda sambamba, kisha akaivuta ikasogeleana hadi ikakaribia kugusana. Akasema hapo katikati ndipo chakula kinapopita. Upasuaji wa kuondoa umio ni mkubwa: kifua kinafunguliwa, na tumbo linavutwa juu likachukue nafasi ya kilichokatwa. Baba alikuwa amepungua kilo kumi na nane, na ugonjwa ulikuwa umeshatoka nje ya umio. Tulipozungumza habari ya mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, baba alitikisa kichwa. Alisema hapandi basi siku nzima akafie mbali na migomba yake.

Ikabaki stenti. Ni bomba la waya mwembamba ambalo huingizwa likiwa limebanwa, na likifika mahali pake linatanuka lenyewe na kufungua njia. Baba aliuliza swali moja tu: "Litaniponya?" Daktari akamjibu, "Hapana, mzee wangu. Litakufanya umeze."

Nilijiuliza alipata wapi ujasiri wa kusema hivyo bila kutafuna maneno. Baadaye, nilipoanza kusoma kila nilichoweza kupata kuhusu ugonjwa huu, nikafika kwa madaktari wa Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya. Walikuwa wakiwawekea wagonjwa stenti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nao wakaandika kila kitu. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900. Karibu wote waliweza kumeza tena. Kati ya wale waliofanikiwa kufuatiliwa, nusu waliishi zaidi ya siku 250 hivi. Nimeitazama namba hiyo mara nyingi. Nyuma yake kuna mtu aliyepanda pikipiki au kupiga simu kijijini kuuliza fulani yuko hai au la, na kama amekufa, alikufa lini. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini bila hiyo daktari hana la kumwambia mgonjwa isipokuwa matumaini yake mwenyewe. Ukweli aliopewa baba ulilipiwa na watu ambao hakuwahi kuwaona.

Basi yule binti mtafiti alikuja siku mbili kabla ya stenti. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo, baba," akavuta kiti akakaa ili macho yao yalingane. Akasoma fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, taratibu, yote. Alifika mahali panaposema kwamba utafiti ule hautamletea mshiriki nafuu yoyote, na kwamba anaweza kukataa na matibabu yake yasiguswe. Nilidhani baba angekataa hapo. Alikuwa na kiu, amechoka, na ana njaa ya miezi. Akasema, "Hebu rudia hapo." Binti akarudia. "Kwa hiyo mnauliza kwa ajili ya watakaokuja?" "Ndiyo, baba." Baba akaomba kalamu. Mkono ulitetemeka, sahihi ikatoka nje ya mstari, lakini alikataa kuweka dole gumba. Alisema yeye alisoma hadi darasa la saba.

Maswali yalichukua zaidi ya saa moja. Maji ya kunywa mlichota wapi ukiwa mdogo? Jiko lilikuwa ndani ya nyumba mliyolala? Kuni au mkaa? Pombe ya kienyeji, kiasi gani kwa wiki? Nani katika ukoo alikufa akiwa hawezi kumeza? Hapo baba alinyamaza kidogo, kisha akamtaja shangazi yake, ambaye sisi watoto tuliambiwa alilogwa. Binti akaomba afungue kinywa, akahesabu meno yaliyobaki na kutazama rangi yake. Meno ya baba yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi wetu tuliokulia Arumeru, kwa sababu ya floraidi iliyo katika maji yetu. Nikadhani ni adabu tu ya kumaliza fomu. Sikujua kwamba kuna watafiti Kenya waliokuwa wakiuliza jambo hilo hilo. Mwaka 2019 walichapisha kwamba wagonjwa wa saratani hii walikuwa na meno yaliyoharibika na yaliyobadilika rangi kwa floraidi zaidi kuliko watu wasio wagonjwa.

Kisha likaja swali la chai. "Chai ukishamiminiwa, baba, unasubiri muda gani ndipo unywe?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa husubiri muda gani kabla ya kuvuta pumzi. "Nisubiri nini?"

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, alikuwa akisikiliza yote. Binti alipoeleza kwamba wanahitaji pia watu wasio na ugonjwa huu, wa umri unaokaribiana, ili walinganishe majibu, baba mdogo alisimama. "Mimi hapa. Tumepishana miaka miwili." Binti akamshukuru, akakataa. Akasema watu waliokunywa birika moja, waliolala nyumba moja yenye moshi mmoja, hawawezi kutofautishwa kwa maswali hayo. Majibu yenu yatafanana, na sisi tunatafuta pale yanapoachana. Baba mdogo aliketi kimya. Nilimwona ameumia, kwa sababu alikuwa ametafuta kwa wiki nyingi jambo lolote ambalo angeweza kumfanyia kaka yake, na hilo nalo limekataliwa. Lakini yale maneno yalikaa nami. Wanaume wawili, chungu kimoja, chai moja, miaka sitini. Mmoja umio wake umeziba, na mwingine jioni ile alikula chipsi nje ya geti la hospitali huku akilia. Hata sasa sijui kwa nini baba na si yeye.

Aliyelinganishwa na baba, au mmoja wa waliolinganishwa na wagonjwa kama yeye, alikuwa mzee wa wodi ya mifupa aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kwenye mparachichi. Tulijua kwa sababu mwenyewe alijitangaza. Alisukumwa na kiti chake cha magurudumu hadi kitandani kwa baba, akasema ameulizwa habari za chai mpaka ametamani chai. Tangu siku hiyo hakukosa kuja. Walikaa wakizungumza mambo ya ng'ombe na bei ya kahawa, mmoja hawezi kutembea na mwingine hawezi kumeza.

Stenti iliwekwa asubuhi. Jioni baba alikunywa maji, kijiko kwa kijiko, mkono wake ukiwa kifuani kana kwamba anayasindikiza. Siku ya tatu mama alileta loshoro, chakula laini cha kwetu, kwenye chupa ya chai. Tulikuwa tumeonywa: vyakula laini, kula umekaa wima, maji baada ya kila chakula, usilale bapa. Baba alichota kijiko, akameza, akasubiri. Hakuna kilichosimama. Akachota tena. Mama aligeukia dirishani. Mzee wa nyonga akasema, "Haya, sasa tuzungumze."

Baba alikula kwa miezi saba. Wengine wanaweza kuona hilo ni dogo. Mimi niliyemwona akisukuma uji kwa maji nasema ni kubwa, na kwamba daktari asiyeweza kuponya bado ana mengi ya kutoa.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni ile saa moja ya maswali. Tuliishi na baba miaka mingi tukimpenda bila kumuuliza. Akatokea mgeni mwenye kalamu, akamuuliza, akasubiri jibu, akaliandika kama lilivyo bila kumsahihisha, na baba akanyooka kwenye kiti. Maradhi yalikuwa yamemfanya awe wa kupokea tu: kupokea dawa, kupokea pole, kupokea michango ya ukoo. Siku ile alikuwa na kitu ambacho hospitali nzima haikuwa nacho, nao walikuwa wamekuja kumwomba. Tangu hapo nimejitahidi kumuuliza mama. Maji mlichota wapi? Nani alikufundisha kusuka? Kuna siku ananijibu na kuna siku ananifukuza.

Nilinunua pia kipimajoto, katika duka la vifaa vya maabara mjini Arusha. Mama alipomimina chai ya maziwa nikamwomba asiinue kikombe mpaka pale anapojisikia kunywa. Akakishika mara moja. Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 72. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya moto kuliko nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti waliokuwa Kilimanjaro walipima chai za watu 188, wakakuta wastani wa joto wanapoanza kunywa ni nyuzi 70.6, na chai ya maziwa ikawa ya moto kuliko ya rangi na ikachelewa kupoa. Upande huu wa mashariki wa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, ugonjwa huu umejaa. Afrika Magharibi ni nadra. Hakuna aliyethibitisha kwamba chai peke yake ndiyo chanzo. Kuna tumbaku, kuna pombe, kuna moshi, kuna meno. Huko Tenwek wamewaona wagonjwa wasiofika hata miaka 30, na wao wamekunywa chai kwa muda gani? Lakini kusubiri dakika tano hakumgharimu mtu chochote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema chai ya uvuguvugu ni ya wagonjwa. Siku hizi anamimina, anafunika kwa sahani, anakwenda kulisha kuku, kisha anarudi.

Mwaka mmoja baada ya yale mahojiano simu iliita. Alikuwa binti yule yule. Nilimtambua kwa sauti. Alisalimia, akauliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia. Akanyamaza, akasema pole sana, kisha kwa upole akaomba tarehe. Sikuikumbuka papo hapo, nikampa mama simu.

Mama aliitaja tarehe na siku ya wiki. Kisha akasema, "Andika pia kwamba alimeza mpaka wiki ya mwisho. Ndizi laini alikuwa anakula." Nikasikia binti akisema anaandika. Mama akauliza, "Na yule mzee wa nyonga, amepona? Anatembea?"

"Mama, habari za mtu mwingine siruhusiwi kuzitoa."

"Haya, mwanangu. Basi siku ukimpigia, mpe salamu zangu."